Amri za Ziwani Ni Ulinzi wa Nyumba Zetu

Ukitoka Bunia kwenda upande wa mashariki, njia huteremka zaidi ya mita 600 mpaka ifike Kasenyi, mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi katika teritwari ya Irumu. Hapo nchi inakoma, na maji ya Ziwa Albert yanaanza. Watu wa Kasenyi hawana bahari, lakini ziwa hilo ndilo bahari yao: urefu wake wapata kilomita 160, na upana wake kilomita 30 hivi. Lawapa samaki, lawapa njia ya kwenda Uganda kufanya biashara na kuwatazama ndugu. Tena limekwisha kuzifiliwisha nyumba nyingi.

Amri za kusafiri majini si ngeni kwa mtu yeyote wa pwani. Nahodha asipakie kupita kipimo cha chombo. Majina ya abiria yaandikwe kabla ya kung'oa nanga. Kila msafiri avae jile, yaani koti la kuelea. Usiku watu wasivuke, wala wasiondoke dhoruba inapojikusanya. Hata mtoto wa shule aweza kuzikariri. Basi, mbona watu wanazidi kufa?

Tukumbuke yaliyotokea tarehe 22 Machi 1914? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2014 tu. Siku hiyo wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakiishi kambini Kyangwali, nchini Uganda, walikuwa wakirudi kwao kwa hiari yao. Chombo kilikuwa kimejaa mno, kikapinduka ziwani. Serikali ya Kongo ilitangaza kwamba waliokufa ni 251, na wengi walikuwa watoto. Watu waliookoka vitani, waliovumilia miaka ya ugenini, walikufa wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Tena tarehe 25 Desemba 2016, sikukuu ya Noeli, ziwa hilohilo, upande wa Uganda, liliwameza watu wapatao 30. Walikuwa wachezaji wa mpira na wenzao, wakienda mchezoni kwa furaha.

Chombo hupinduka kwa sababu gani?

Wengi hudhani kwamba mtumbwi huzama kwa sababu ya mawimbi makubwa tu. Sivyo. Mtumbwi uliopakiwa vema hukaa juu ya maji, na ukingo wake u mbali na wimbi. Ukiongezwa watu na magunia, ukingo hushuka, hata wimbi dogo laweza kuingia. Maji yaliyoingia hayatulii mahali pamoja. Hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito. Hapo abiria mmoja akisimama kwa hofu, wenzake humfuata, na chombo chote hulala ubavu.

Hivyo hata meli kubwa haisalimiki. Kivuko cha MV Nyerere, katika Ziwa Victoria nchini Tanzania, kilitengenezwa kuchukua watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilichukua zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Watu 228 walikufa, na nchi kavu ilikuwa mbele ya macho yao. Vivyo hivyo tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Basi tusiseme, "Safari ni fupi, hakuna hatari."

Nani mwenye kosa?

Ni rahisi kumlaumu nahodha peke yake. Kweli, kila kichwa anachoongeza ni nauli mfukoni mwake. Lakini mkaguzi anayepokea kitu kidogo na kugeuza uso, naye amepakia chombo hicho. Na sisi abiria je? Mama aliyekosa nafasi huona samaki wake wataoza na soko litampita, akambembeleza nahodha amsogezee mahali. Kijana huambiwa avae jile, akalikalia kama mto, kwa kuwa ati anajua kuogelea. Asijue kwamba katika giza, na mikono ya watu kumi ikimshika, kuogelea hakumfai kitu.

Twajua pia kwamba kuna siku za dhiki. Mwaka 2018, vita vilipowaka Djugu, maelfu ya watu walivuka ziwa kwa chombo chochote walichokipata. Mtu anayekimbia panga hawezi kungoja orodha iandikwe, wala hatuwezi kumhukumu. Lakini siku ya soko si siku ya vita. Tusiifanye desturi ya siku ya hatari kuwa desturi ya kila siku.

Na orodha ya majina, ambayo wengine huiona karatasi ya bure, ina kazi kubwa. Chombo kikizama, ndiyo inayowaambia waokoaji watafute watu wangapi. Ndiyo inayomwezesha mjane kujua hakika kwamba mumewe alikuwamo, asikae miaka akitazama njia.

Basi, wasomaji wetu, twawasihi. Baba, uliza jile kabla hujalipa nauli, na kwanza lile la mtoto. Mama, chombo kikijaa, shuka. Samaki waliooza watavuliwa wengine. Ninyi wanafunzi, mnaojua kuhesabu, wahesabuni watu chomboni na mseme kwa adabu, lakini mseme. Nawe nahodha, ukiwaacha watu kumi ufukoni utapata hasara ya siku moja. Wazee walinena: tahadhari kabla ya hatari. Atakayekasirika leo kwa kuachwa, kesho atakuwa hai kukulipa nauli tena.