Jeni ya CCR5 na Swali la Wenza Wenye Majibu Tofauti

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wakati wananchi wakiuita ugonjwa huo «Juliana». Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kuwa asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini walikuwa na VVU. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba kiwango kilikuwa asilimia 10. Tangu wakati huo swali moja halijaisha katika vyumba vya ushauri nasaha: inakuwaje mume awe na virusi na mkewe asiwe navyo, au kinyume chake? Wapo wanaojibu kuwa huyo mwingine ana «damu kali». Jibu sahihi linahitaji kwanza kuifahamu jeni ya CCR5.

Jeni hii, iliyopo katika kromosomu ya tatu, hubeba maelekezo ya kutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa baadhi ya seli nyeupe za damu. Protini hiyo hupita katika utando mara saba, sehemu moja ikitazama nje na nyingine ndani. Ni kipokezi cha ujumbe. Panapotokea maambukizi mwilini, seli zilizo karibu hutoa kemokini, yaani protini ndogo za kuita msaada. Kemokini inaposhika kipokezi kwa nje, umbo la kipokezi hubadilika, ujumbe huingia ndani, na seli huanza kuelekea mahali penye shida.

Mwaka 1996 watafiti walibaini kuwa VVU hutumia kipokezi hicho hicho kama mlango. Virusi hushika kwanza protini ya CD4. Kisha hushika CCR5, ndipo vinapoweza kuingia katika seli.

Baadhi ya watu wamezaliwa na jeni yenye upungufu wa herufi 32. Aliyerithi nakala mbili za namna hiyo, kutoka kwa baba na kwa mama, hana kipokezi hicho juu ya seli zake, na ni vigumu sana kwake kuambukizwa. Hata hivyo kinga hiyo si kamili, kwani vipo virusi vinavyopitia kipokezi kingine kiitwacho CXCR4. Timothy Ray Brown, aliyekuwa na VVU pamoja na saratani ya damu, alipandikizwa uboho wa mtu wa aina hiyo mjini Berlin mwaka 2007, na virusi havikurudi. Lakini upandikizaji ni tiba ya hatari, nao hufanywa kwa sababu ya saratani.

Upungufu huo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na hata huko wenye nakala mbili ni takribani mtu mmoja katika mia. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni kama haupo. Kwa hiyo mwenza wa Bukoba au Muleba ambaye hajaambukizwa asidhani kuwa jeni inamlinda. Si kila tendo la ndoa huambukiza. Hatari hutegemea zaidi wingi wa virusi katika damu ya mwenzake, na huweza kumfika siku yoyote. Kundi la damu nalo si kinga.

Historia ya Kagera yenyewe ni ushahidi. Bukoba mjini, kiwango kilishuka kutoka asilimia 24.2 hadi 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Jeni za watu hazikubadilika katika miaka tisa. Vifo vilichangia kushuka huko, lakini pia watu walibadili mienendo yao, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004.

Leo mwenye VVU anayetumia dawa bila kuacha, na ambaye vipimo vinaonyesha kuwa virusi havigunduliki katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hadi afikie hapo, kondomu na dawa kinga humlinda asiyeambukizwa, naye hupaswa kurudia kipimo kama mhudumu atakavyomwelekeza.