Je, Wajua? Kilomita 3,500 Hutunzwa kwa Kujitolea

Njia ya miguu ya Appalachian Trail, Marekani, inakata majimbo 14, kutoka Georgia hadi Maine. Ni karibu kilomita 3,500. Wanaoifyeka na kuipaka alama ni, kwa sehemu kubwa, watu wa kujitolea. Hawalipwi.

Alama yenyewe ni mstari mweupe wa rangi, upana sm 5, urefu sm 15, juu ya mti au mwamba. Ukiona miwili, mmoja juu ya mwingine, kaa chonjo: njia inakata kona. Hata Mto Kennebec, ambako wasafiri huvushwa kwa mtumbwi, haukuachwa. Alama imepakwa ndani ya mtumbwi!

Adui mkubwa ni maji. Mvua ikipata mteremko, hugeuza njia kuwa mfereji. Dawa yake ni gogo au mawe yaliyofukiwa kwa mshazari, ili maji yatokee pembeni. Majani yakiziba hapo, lazima mtu aje na jembe azibue.

Kwenye mapori yanayolindwa na sheria ya mwaka 1964, misumeno ya injini ni marufuku. Mti ukianguka njiani, watu wawili hushika msumeno mrefu, mmoja huku na mwenzake kule, wakavutana mpaka gogo likatike. Jasho tupu.

Vyoo vya porini navyo ni kazi yao. Vingi havina maji, basi ukimaliza haja, tupia konzi ya maranda.