Mirathi au Tunu ya Ukoo?

Wafasiri hutuuliza iwapo kitu cha thamani kinachopokezanwa katika ukoo kiitwe mirathi. La. Mirathi, urithi na turathi yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini katika matumizi yameachana. Mirathi ni mali ya marehemu wanayogawiwa warithi, nayo ndiyo istilahi ya mahakamani. Turathi aghalabu ni ya umma mzima.

Tuchukue Msangeni, katika Milima ya Upare. Ugweno ilisifika tangu kale kwa ufuaji wa chuma, na Washana ndio waliokuwa ukoo wa wahunzi. Nyundo ya mhunzi iliyotoka kwa babu haikatwi mafungu. Karani akiiandika chini ya "mirathi" ameitia katika hesabu moja na mbuzi na mashamba, na huenda ikauzwa ili fedha zigawanywe. Kosa la neno moja tu, na nyundo hairudi.

Kwa hiyo twapendelea tunu ya ukoo. Tunu ni kitu adimu chenye kuthaminiwa, na ukoo wamtaja mwenyewe. Hazina yaelekea mno kwenye fedha za serikali. Dafina nayo, kwa asili yake, ni kitu kilichofukiwa.