Tamthilia Yaonyesha Fumanizi, Haionyeshi Kliniki

Mada: Mpango wa kando, ugomvi wa nyumbani na afya ya mtoto

Popote ulipo, Malindi mjini, Mambrui, Marafa, Gede, Ganze au Kaloleni, vuta kiti, mpakate mtoto vizuri, tuzungumze. Mada ya leo ni ile inayotuweka mbele ya televisheni kila jioni: tamthilia za familia, na habari za mume kumwendea mke kinyume, au mke kumwendea mume kinyume.

Tamthilia hizi si jambo geni kwetu. Mwaka wa 1987 televisheni ya taifa ilionyesha mchezo wa Tushauriane, uliotungwa ili kuwafanya wanandoa wazungumze juu ya kupanga uzazi. Baadaye tukazipenda tamthilia kutoka Mexico na Ufilipino. Kisha zikaja zetu wenyewe kwenye Citizen TV: Maria mwaka wa 2019, Zora mwaka wa 2021, na Sultana mwaka wa 2022, ambayo hadithi yake imewekwa hapa hapa Pwani. Ukikosa sehemu moja, jirani atakusimulia kesho mkiwa kwenye foleni ya maji.

Na kisa tunakijua. Simu inasahaulika mezani, ujumbe unasomwa, mlango unafunguliwa ghafla. Kuna kilio, kuna kofi, nguo zinatupwa nje. Sisi watazamaji tunatoa hukumu: "Na aachwe!" Muziki unapigwa, tunaambiwa tungoje kesho.

Lakini kuna chumba kimoja ambacho tamthilia nyingi hazituingizi. Nacho ni chumba cha muuguzi. Tunaonyeshwa nani amekosa. Ni mara chache tunaonyeshwa yule mama akienda kupimwa, au mtoto wake wa miezi minane akiwekwa kwenye mizani. Leo tuingie chumba hicho.

MTOTO ANAPOKONDA, NA NENO "CHIRWA"

Hapa kwetu, hasa kwa ndugu zetu Wamijikenda, lipo neno chirwa. Mtoto anakonda, mbavu zinaonekana, nywele zinapoteza rangi, hachangamki. Wazee husema mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa wakati mtoto angali mdogo, na kosa hilo limemshika mtoto. Mara nyingi macho yote humgeukia mama. Mavyaa ananuna, mume anauliza maswali, majirani wananong'ona.

Hatuji hapa kuwatukana wazee. Mwiko huu ulikuwa na nia ya kumlinda mtoto: wazazi watulie nyumbani, mama anyonyeshe kwa amani. Na ni kweli kwamba ugonjwa ulioletwa nyumbani kwa mpango wa kando unaweza kumfikia mtoto. Lakini watoto wengi wanaokonda, wazazi wao hawajafanya kosa lolote la namna hiyo. Wanakonda kwa sababu chakula ni kichache au ni cha aina moja tu, uji mwepesi asubuhi na jioni. Wanakonda kwa kuharisha mara kwa mara, kwa malaria, kwa kifua kikuu, au kwa sababu mama alipata mimba nyingine mapema na mtoto akaachishwa ziwa.

Hatari kubwa ya neno chirwa iko hapa: mama anaogopa kumpeleka mtoto hospitali. Anaona kwamba kumtoa mtoto nje ni kama kukiri zinaa mbele za watu. Basi anamficha ndani, au familia inamaliza wiki nyingi ikitafuta nani alaumiwe. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali hana wiki nyingi.

Mama, sikiliza dalili hizi. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Miguu yote miwili ikivimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, huo pia ni utapiamlo mkali, hata kama mtoto anaonekana mnene. Mtoto wa namna hii apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko atapewa chakula cha dawa, na akiwa mgonjwa sana atalazwa. Muuguzi hatauliza nani alilala wapi. Atauliza mtoto amekula nini, ameharisha siku ngapi, na amepata chanjo gani.

UGONJWA UNAOPITA KIMYA

Sasa tuseme mpango wa kando upo kweli. Kumbuka kwamba si wanaume peke yao. Yuko dereva wa lori anayelala Mariakani, yuko mvuvi aliyekwenda dago miezi kadhaa, yuko anayefanya kazi hotelini msimu wa watalii, na yuko mke aliyeachwa peke yake akapata wa kumliwaza. Mwaka wa 2009 ilitolewa ripoti ya kitaifa iliyokadiria kwamba katika kila maambukizi mapya 100 ya virusi vya UKIMWI nchini Kenya, kama 44 yalikuwa kwa watu walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu. Ndiyo maana miaka ile tulisikia sana matangazo ya "mpango wa kando". Mwaka wa 2013 tangazo moja la televisheni lilimwonyesha mwanamke aliyeolewa akishauriwa na mwenzake atumie kondomu na mpenzi wake wa nje. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walilalamika kwamba linahalalisha uzinzi, likaondolewa. Tangazo liliondoka, lakini ugonjwa haukuondoka nalo.

Mama anayenyonyesha anahitaji kulijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Huenda ulipimwa kliniki ulipokuwa na mimba, ukaambiwa huna virusi. Jibu hilo ni la siku ile. Ukiambukizwa baadaye, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini katika wiki za kwanza, na hatari ya mtoto kuambukizwa huwa kubwa. Kwa sababu hiyo mama hupimwa tena miezi ya mwisho ya ujauzito, hupimwa tena wiki 6 baada ya kujifungua, na huendelea kupimwa wakati wote anaponyonyesha. Usikubali kuruka kipimo kwa kusema, "Nilishapimwa."

Ikiwa utapatikana na virusi, usikate tamaa na usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Dawa za ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukizimeza kila siku virusi hupungua sana, unanyonyesha, na mtoto naye hupewa dawa ya kumkinga na kupimwa kuanzia wiki 6. Akina mama wengi wenye virusi wamezaa na kunyonyesha watoto wasio navyo.

Kuna pia kaswende na kisonono. Kwa mwanamke magonjwa haya mara nyingi hayaonyeshi dalili. Kaswende inaweza kuharibu mimba au kumuua mtoto tumboni, lakini mama akipimwa mapema hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kisonono kinaweza kumtoa mtoto mchanga usaha machoni na kumpofusha. Kumbuka, tiba ni kwa watu wawili. Ukitibiwa peke yako, mwenzako atakuambukiza tena.

MKWAJU NA TUNU

Si kila mchezo unaokomea kwenye fumanizi. Jirani zetu wa Tanzania, mwaka wa 1993, walianza mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi kila kituo cha safari. Mkewe aliitwa Tunu. Mchezo haukuishia kwa Tunu kulia. Alianza biashara yake ndogo, akajitegemea, na mwishowe akamwacha Mkwaju ili ajiokoe. Mkwaju aliugua UKIMWI akafa.

Watafiti walilinganisha sehemu uliposikika mchezo huo na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa hadi mwaka wa 1995. Waliona kwamba kwa wasikilizaji idadi ya wapenzi ilipungua na matumizi ya kondomu yaliongezeka. Kwa nini? Kwa sababu watu walipewa kisa hadi mwisho wake, pamoja na maradhi, tiba, na hatua ambazo mtu wa kawaida anaweza kuchukua. Basi nasi tunapotazama tamthilia zetu, tuumalizie mchezo pale ulipoachwa.

UFANYE NINI?

Kwanza, jali mwili wako kabla ya ugomvi. Ukishuku kuna mpango wa kando, nenda kapimwe, hata kama huna ushahidi. Huhitaji ruhusa ya mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu UKIMWI inasema majibu yako ni siri yako.

Pili, uliza kuhusu kinga. Kondomu ni moja. Nyingine ni PrEP, kidonge anachomeza kila siku mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Kenya ilianza kukitoa kwa wingi mwaka wa 2017, na kinaweza kutumiwa na mama mjamzito au anayenyonyesha. Na ikiwa tendo la hatari limeshatokea, iko dawa ya kuzuia maambukizi ambayo ni lazima ianzwe ndani ya saa 72, kisha imezwe kwa siku 28. Kadiri unavyowahi ndivyo bora.

Tatu, tumia tamthilia kufungua mazungumzo. Ni rahisi kumsema mtu wa kwenye kioo kuliko kumsema mume wako. Subiri watoto walale, hasira iwe chini, useme kwa mfano: "Baba Kahindi, yule bwana wa kwenye mchezo amemletea mkewe ugonjwa bila kujua. Mimi nina kliniki ya mtoto Jumanne. Naomba twende pamoja, sote tupimwe, tumlinde Kahindi." Hapo hujamtaja mwanamke wala hujashika simu ya mtu. Umemtaja mtoto. Wanaume wengi ambao wangekataa kwa ugomvi hukubali kwa ajili ya mtoto.

Nne, mtafute mtu wa kusema naye: somo wako, shangazi, mhudumu wa afya wa kijijini, padri, mchungaji au imamu unayemwamini. Kuna akina mama wanaoamini kwamba maziwa ya mwenye hasira huharibika na kumdhuru mtoto. Si kweli. Huzuni inaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini hayageuki sumu. Endelea kunyonyesha. Ila ukiona huzuni imezidi wiki mbili, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, mwambie muuguzi. Huo nao ni ugonjwa na una tiba.

WATOTO WANAOSIKIA

Mtoto anayetazama tamthilia huona kofi, na anayelala nyuma ya pazia husikia matusi ya kweli. Mtoto mdogo hawezi kusema, "Mama, naogopa." Huanza kukojoa kitandani, kushikilia nguo yako, kugoma kula, au kupiga wenzake. Usimtume mtoto akapeleleze baba yake. Usimuulize anampenda nani zaidi. Mwambie kwa maneno machache kwamba watu wazima wamekosana na si kosa lake. Na ile michezo yenye vipigo, itazame yeye akiwa amelala.

Ugomvi ukifika kwenye kupigwa, hiyo si siri ya ndoa tena. Tangu mwaka wa 2015 Kenya ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya vurugu za nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Nenda hospitali utibiwe na uandikiwe majeraha, kisha polisi au kwa chifu. Unaweza kupiga simu bila malipo nambari 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 116 ikiwa anayeumizwa ni mtoto. Ukishikwa kwa nguvu, hata na mumeo, zile saa 72 tulizotaja zinakuhusu.

KWA UFUPI

Mtoto akikonda, nenda kliniki kwanza. Lawama zinaweza kungoja, mtoto hawezi. Pimwa tena wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Tibiwa pamoja na mwenzako. Sema kwa upole kunapowezekana, na uondoke ukatafute msaada kunapokuwa na hatari.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

1. Katika tamthilia mnayoitazama sasa, ni nani aliyepelekwa kupimwa baada ya fumanizi? Kama hakuna, ingefaa aende nani, na lini?

2. Hapa kijijini kwenu mtoto akisemwa ana chirwa, hupelekwa wapi kwanza? Mtamsaidiaje mama yake afike kliniki bila aibu?

3. Ni maneno gani ambayo mume wa hapa kwetu angeyakubali akiombwa kwenda kupimwa?

Mpashe habari hii mwenzako asiyekuwa na redio, hasa yule mwenye mtoto mchanga.