Ugonjwa wa Tourette (2): Chama kisichohesabu waliopona

Wiki iliyopita tuliona ugonjwa huu unavyoanza. Mtoto wa miaka mitano, sita au saba anapepesa macho mfululizo. Baadaye shingo inajirusha yenyewe, halafu miguno inamtoka kooni bila yeye kutaka. Harakati na sauti hizo za ghafla wataalamu huziita tiki. Kwa wengi hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha hupungua kadiri ujana unavyosonga, lakini tiba ya kuzimaliza kabisa haijapatikana. Sasa, chama cha hisani kinachohudumia watu hawa, mwaka unapokwisha, kinawaonyesha nini waliokichangia? Kliniki ya macho itataja watu walioondolewa mtoto wa jicho. Chama hiki hakina aliyepona wa kumtaja.

Tukichukue kile kikongwe cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1972 huko Bayside, eneo la Queens jijini New York, na wazazi na ndugu wa wagonjwa. Leo kinajulikana kama Tourette Association of America. Enzi hizo madaktari wengi wa akili waliamini tiki ni dalili ya vita vya ndani ya nafsi, na lawama ikamwangukia mzazi, hasa mama. Mwaka 1968 Arthur Shapiro na mkewe Elaine walikuwa wamechapisha habari za mwanamke aliyetulizwa na dawa ya haloperidoli, wakashikilia kwamba kasoro imo kwenye ubongo, si kwenye malezi. Chama kikaibeba hoja hiyo hadi ikazoeleka. Mama kuondolewa lawama asiyostahili hakuandikiki katika safu ya mapato na matumizi. Hata hivyo, mimi naliweka hilo mbele ya mafanikio yake mengine yote.

Yapo mafanikio yaliyoandikwa katika sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na dawa iitwayo pimozidi, iliyowasaidia baadhi ya wagonjwa walioshindwa kuivumilia haloperidoli. Haikuwa imeidhinishwa Marekani, na kampuni za dawa hazikuona faida ya kugharimia majaribio kwa ajili ya wanunuzi wachache. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa, Abbey Meyers, akaungana na familia zenye maradhi mengine adimu, wakapeleka kilio chao bungeni. Mwigizaji Jack Klugman akaliingiza suala hilo katika tamthilia yake ya televisheni, naye akaenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge. Tarehe 4 Januari 1983 Rais Reagan akatia saini sheria inayozipa kampuni nafuu ya kodi na miaka saba ya kuuza peke yao dawa ya ugonjwa adimu. Pimozidi iliidhinishwa mwaka uliofuata. Tangu hapo mamia ya dawa yamepita mlango huo, mengi yakiwa ya maradhi yasiyohusiana na Tourette hata kidogo.

Mwaka 2010 ulileta jambo lililo karibu zaidi na maisha ya kila siku. Watafiti walioshirikiana na chama hicho walichapisha matokeo ya tiba isiyotumia dawa, waliyoijaribu kwa watoto 126 wenye umri wa miaka 9 hadi 17. Mtoto hufundishwa kuitambua ile hali inayotangulia tiki, mfano wa mwasho unaodai kukunwa, kisha afanye tendo lisiloweza kwenda pamoja nayo. Anayerusha kichwa, kwa mfano, hukaza misuli ya shingo taratibu akitazama mbele mpaka msukumo upite. Familia nayo hujifunza kutomkemea wala kumbembeleza kila tiki inapotokea. Baada ya vikao vinane katika wiki 10, zaidi ya nusu ya waliopewa tiba hiyo walipata nafuu kubwa, asilimia 52.5; katika kundi lililopewa maelezo na kutiwa moyo tu, walikuwa asilimia 18.5.

Hapo ndipo ripoti ya kila mwaka inapopata kipimo chake. Tiba hiyo haifiki kwa mtoto kama kidonge kinavyofika dukani. Lazima awepo mtu aliyefunzwa kuitoa. Kwa hiyo ninapokagua kazi ya chama cha aina hii, sitosheki na idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa. Nauliza: watoa tiba wangapi wamefunzwa mwaka huu, na nje ya miji mikubwa wapo wangapi? Walimu wangapi wameelezwa kwamba mtoto anayeguna darasani hafanyi utundu, na kwamba kumwamuru aache huzidisha hali? Nchini Marekani, kanuni za elimu maalumu za mwaka 2006 ziliutaja Tourette kwa jina, jambo lililowapa wazazi pa kushika wanapodai haki ya mtoto shuleni. Lakini kanuni haimfikii mwalimu asiyeisoma, na kumfikia huyo ni kazi inayorudi kila Januari, kwa kuwa kila mwaka kuna mwalimu mpya na mtoto mpya.

Wiki ijayo: dawa zinazotumika sasa, madhara yake, na kwa nini daktari mwangalifu mara nyingi hungoja kabla ya kuziandika.