Kasa Amerudi Kwao, Wewe Wamwashia Tochi

Niambie ukweli: mara ya mwisho uliposhuka ufuoni usiku, ulitazama mchanga ama simu?

Mimi nilitazama simu. Tulikuwa wanne, tumekaa huku Bamburi, mmoja wetu akasema, "Oya, lile jiwe latembea!" Halikuwa jiwe. Alikuwa kasa, anapanda kutoka majini polepole, anapumua kama mzee aliyebeba gunia. Sote tukawasha tochi, tukamzunguka, tukarekodi. Akasimama kidogo, akageuka, akarudi baharini. Hakutaga hata yai moja. Video ikatazamwa na watu kibao, nami nikajiona nimeweza.

Chuo niliacha njiani, lakini hili somo nimejitafutia mwenyewe. Kasa jike hungoja miaka 20 na zaidi ndipo aanze kutaga, na hurudi pwani ileile alikozaliwa. Huchimba shimo, hutaga mayai kama 100, huyafukia, huenda zake. Baada ya siku 60 hivi, watoto hutoka usiku na kufuata mwangaza. Zamani kilichong'aa kilikuwa bahari. Leo ni taa za hoteli na baa, kwa hivyo wengine huishia barabarani.

Kuna jingine. Joto la mchanga ndilo linaloamua dume au jike. Likipita kama nyuzi 29, wengi hutoka majike. Na joto unaliona linavyopanda. Piga hesabu, madume watatoka wapi?

Utasema, si kuna hifadhi? Ipo. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, mbele ya Nyali na Bamburi, ilianzishwa 1986, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa. Lakini askari wa KWS hawezi kusimama kando ya kila simu yenye tochi.

Halafu wako wanaouza nyama yake kichinichini. Wewe ukiletewa, kataa. Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa. 8 kati yao walikuwa watoto. Nyama hiyo wakati mwingine huwa na sumu, na hata uichemshe vipi, sumu haitoki.

Kwa hivyo, uwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ukimkuta kasa usiku: zima tochi, kaa mbali, nyamaza. Mayai usiguse. Ukiona amenaswa na wavu au ameumia, wapigie KWS.

Nilisoma pia kwamba kasa akishtuliwa, mara nyingi hujaribu tena usiku huohuo au unaofuata. Yule wetu sijui kama alirudi, maana sisi tulikuwa tushaenda nyumbani kuhesabu waliotazama. Video nimeifuta. Akija tena, na akukute wewe gizani, simu iko mfukoni.