Udaktari wa Kanada: mlango uko wapi?

Msimu wa karafuu ukimalizika hapa Pemba, wazazi hunijia na swali moja: kijana kamaliza kidato cha sita, kafaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, je, tumpeleke Kanada akasomee udaktari? Wengine wameshaambiwa na wakala watangulize fedha.

Jibu langu, ndugu msikilizaji, ni hili. Kwetu aliyefaulu kidato cha sita huweza kuingia moja kwa moja kusomea udaktari, miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini. Kanada sivyo. Vyuo vingi vya huko humtaka mwombaji awe kwanza na shahada nyingine, na vingi huongeza mtihani uitwao MCAT. Kubwa zaidi, karibu nafasi zote ni za raia na wakaazi wa kudumu. Wageni wanaopokewa ni wachache mno.

Basi wakala anayeahidi nafasi kwa cheti cha kidato cha sita, mwulizeni jina la chuo. Kisha kiandikieni chuo hicho wenyewe, kabla ya kutoa hata shilingi.

Mlango wa karibu upo. Mwaka 2007, kwa msaada wa Cuba, Zanzibar ilianza kusomesha madaktari wake, na leo chuo kikuu chetu, SUZA, kinatoa shahada hiyo. Muhimbili ilianza tangu 1963. Atakayetamani ughaibuni aende baadaye, kutafuta ubingwa, akiwa tayari daktari. Jasho la mchuma karafuu lisiishie kwenye ahadi.